Bibi, Dumu na Dawa ya Povu: Uchambuzi wa Kisa cha Utani Katika Mkutano wa Kijiji Mkoani Kigoma

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea katika kijiji kimoja cha mkoa wa Kigoma, kwenye ukanda wa reli kati ya mji wa Kigoma na Uvinza, wakati nilipokuwa nikifundisha katika shule ya sekondari ya kata hiyo. Sikitaji kijiji wala simtaji mtu yeyote kwa jina, kwa kuwa wengi wa wahusika bado wanaishi mlango kwa mlango na wana haki ya kusahau. Mimi sijasahau. Siku ile hoja nilizoziandaa usiku kucha, za kupinga kuitwa kwa watambuzi wa wachawi, hazikufika hata nusu ya njia, na bibi mmoja ambaye hakuwahi kukaa darasani alifika mwisho wa safari ileile kwa utani wa dakika zisizozidi kumi na tano. Kwa muda mrefu nilidhani nafahamu kilichomwezesha. Nilipokaa na watu mmoja mmoja katika miezi iliyofuata ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nimeshika ganda, kokwa ikiwa kwingine.

Jambo lilianza mwezi Aprili, mvua zikielekea ukingoni. Katika kitongoji kimoja walikufa watu watatu ndani ya wiki saba: watoto wawili walioshikwa na homa kali, na kijana aliyeanguka kutoka juu ya mchikichi alipokuwa akikata mashada ya chikichi. Anayeijua Kigoma anajua kwamba hakuna hata kimoja kati ya vifo hivyo kilicho kigeni. Majira ya mvua ndiyo majira ya malaria, na kupanda mchikichi ambao shina lake limelowa ni kazi ya hatari kwa mtu yeyote. Lakini vifo vinapofuatana mahali pamoja watu hawavihesabu tena kimoja kimoja. Huvifunga fungu moja na kumtafuta mwenye kamba. Arobaini ya kijana yule ilikuwa haijafika, na tayari vijana wenzake walikuwa wamekwisha kuleta pendekezo la kuwaita kamchape.

Kamchape, ambao wengine huwaita rambaramba, ni watu wanaozunguka vijijini wakidai kuwatambua wachawi, kufukua vifaa vyao na kukisafisha kijiji. Si jambo la jana. Mzizi wake ni vuguvugu la mchape lililoenea kutoka Nyasaland, ambayo ni Malawi ya leo, hadi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo ni Zambia, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Audrey Richards, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya utafiti miongoni mwa Wabemba, aliandika habari zake mwaka 1935. Alieleza jinsi vijana waliovaa nguo za Kizungu walivyowapanga wanakijiji mstari, kila mmoja akapita nyuma ya mgongo wa mtambuzi, naye mtambuzi akamtazama kupitia kioo kidogo cha mkononi. Aliyetambuliwa alitakiwa kusalimisha mapembe yake ya dawa, kisha akanywa maji yaliyochanganywa na unga mwekundu uliotoa povu kama la sabuni, akiambiwa kwamba akiurudia uchawi baada ya kinywaji hicho atakufa. Neno lenyewe lilitokana na kitenzi cha Kinyanja chenye maana ya kufua. Richards alipoyachunguza mapembe yaliyorundikwa alikuta kwamba mengi yalikuwa vyombo vya dawa za kawaida tu. Miaka ya 1960 mtafiti Roy Willis alilikuta vuguvugu hilohilo Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, kwa jina la kamchape, na katika miaka ya karibuni vyombo vya habari vimeripoti mara nyingi juu yao katika vijiji vya Kigoma, pamoja na makatazo ya viongozi wa serikali. Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu mawili kati yake, povu na kufua, yatarudi hapa chini kupitia kinywa cha mtu ambaye hakuwahi kusikia jina la Richards.

Mchango uliopangwa ulikuwa shilingi 5,000 kwa kaya. Kijana mmoja mwenye pikipiki, mchangamfu na anayependwa, alichaguliwa kuwa katibu, naye akanunua kaunta buku akalichora mstari katikati: upande wa kushoto waliolipa, upande wa kulia wasiolipa. Wakala wa kamchape, aliyekuja mapema kuandaa kazi, alirudia neno moja kila alipopita: asiye na kitu cha kuficha atalipa. Kwa kauli hiyo peke yake kijiji kizima kiliingia ndani ya mgono wa samaki, maana ulikuwa na mlango wa kuingilia na hauna wa kutokea. Ukilipa, umekiri kwamba hatari ipo. Usipolipa, umejionyesha kwamba hatari ni wewe. Ukiuliza swali, unamtetea mtu, na anayemtetea mchawi anajulikana ni nani. Hapakuwa na tukio lolote ambalo, likitokea, lingeweza kuonyesha kwamba dai ni la uongo. Na dai la namna hiyo hoja haziliui, hulinenepesha.

Miongoni mwa majina ya upande wa kulia lilikuwamo la bibi mmoja mjane, mwenye umri unaokaribia miaka sabini, aliyeishi kwa kukamua mawese na kupika sabuni. Kazi hiyo ni ya moshi toka asubuhi mpaka jioni. Chikichi huchemshwa kwenye pipa kwa saa nyingi ili zilainike, hukamuliwa, kisha mafuta huchemshwa tena mpaka maji yaishe. Na bibi aliyekaa miaka arobaini kando ya pipa la namna hiyo hawezi kuwa na macho meupe. Inajulikana vyema, hasa Usukumani na Unyamwezini, ni vikongwe wangapi wamepoteza maisha kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu. Hapa kwetu mambo hayakuwa yamefika huko, ila yalikuwa yameanza kwa njia ambayo mchambuzi wa utani hana ruhusa ya kuiruka: yalianza kwa utani. Vijana wa kijiweni walikuwa wamempa jina la Taa za Breki. Alipopita, mmoja wao husema "gari limesimama", wengine wakacheka. Siku moja nilikuwa nimekaa nao nikisubiri pikipiki, nikacheka nami.

Mkutano wa kijiji uliitishwa chini ya mwembe ulio karibu na ofisi. Mwenyekiti alifungua, mtendaji akakaa na faili lake mapajani bila kulifungua, wakala akaeleza taratibu za kazi. Alikuwa na chupa ya dawa, maji ya rangi ya kutu, akaitikisa mpaka povu likapanda shingoni mwa chupa, akasema kwamba mchawi akionja hayo na kuurudia mchezo wake atavimba mwili mzima mbele ya macho ya watu. Baada yake niliomba kusema mimi.

Nilisema vizuri, nadhani. Nilieleza malaria na majira yake. Nilieleza kwamba mti uliolowa huteleza kwa mtu yeyote. Nikataja Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, iliyoanza kama sheria ya kikoloni mwaka 1928, ambayo kwayo kumtaja mwenzako kuwa ni mchawi ni kosa. Nikaongeza kwamba Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wa ramli chonganishi kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwalimu, kama uchawi haupo, hiyo sheria wameitunga ya nini?" Sikuwa na jibu la haraka, na kwa kweli swali lilikuwa zuri kuliko hotuba yangu, kwa sababu sheria hiyohiyo inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru mtu anayeshukiwa uchawi akakae mahali pengine. Kisha katibu akafungua kaunta buku akasoma kwa sauti: "Mwalimu, wewe umelipa tangu Jumatatu. Namba kumi na tisa." Ilikuwa kweli. Nililipa ili nisisumbuliwe. Nikakaa.

Mtu mwingine akataka wasiolipa wasimame wajieleze. Bibi alikuwa wa tatu. Alikung'uta kanga yake, akaacha kumwangalia mwenyekiti wala wakala, akamgeukia katibu. Hapa ni lazima nieleze uhusiano wao, maana bila huo kisa hakisomeki. Katibu alikuwa mjukuu wa dada yake bibi, yaani mjukuu wake mwenyewe kwa hesabu zetu, na bibi na mjukuu ni watani. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume wangu, mjukuu humtishia bibi kwamba ataoa mke wa pili, na hakuna anayekasirika, kwa sababu anayekasirika ndiye anayeonekana hakufunzwa.

"Mume wangu," bibi alisema, "umeniaibisha. Mwanamke anatajwa uchawi, mume ndiye anayeshika daftari. Watu wasemeje? Watasema usiku tunatoka wote, ila wewe umewahi kulipa."

Wanawake wa safu ya nyuma walicheka kidogo, wakajizuia.

"Basi mimi nakubali. Ni mchawi." Mwembe mzima ulinyamaza. "Usiku napanda ungo, nafika Bujumbura, nakunywa chai, alfajiri nipo hapa nachochea moto. Ila nisaidie hesabu moja, mume wangu. Juzi nilikuwa na dumu la kupeleka stesheni. Ulinitoza shilingi 2,000. Nikakubembeleza unipunguzie, ukakataa. Mwenye ndege yake anabembeleza bodaboda?"

Safari hii walicheka na wanaume. Bibi alisubiri wanyamaze, kwa utulivu ambao nimeuona kwa wachekeshaji wachache sana wanaolipwa.

"Tena mchawi gani mimi nisiyejua wa kumroga? Yule mnunuzi anakuja kila Jumatano na dumu lake. Tunaambiwa ni la lita ishirini, nalo linameza na kuomba tena. Uchawi wa kuua ninao, na huyo nimemwacha ananenepa kwa jasho langu?" Ndipo alipomtupia wakala jicho kwa mara ya kwanza. "Huyu baba anasema mchawi akinywa dawa yake anavimba. Aanze na lile dumu. Lile limevimba kabla halijanywa."

Siwezi kuueleza mlipuko wa kicheko uliofuata kwa mtu asiyemjua mnunuzi yule. Dumu lake lilikuwa limetanuliwa kwa maji ya moto mpaka mbavu zake zimenyooka, kila mkamuaji alilijua, kila mmoja alilinung'unikia nyumbani kwake, na hakuna aliyewahi kulitaja mkutanoni. Mwenyekiti alijifunika uso kwa karatasi za ajenda. Bibi akaomba chupa ya dawa, na wakala, ambaye hakuwa na muda wa kufikiri, akampa. Aliitikisa, akalitazama povu, akanusa.

"Povu lako linakufa upesi," alimwambia kama fundi anayemwambia mwanafunzi wake. "Kama kazi yenyewe ni kufua, mwanangu, hata mimi nafua. Nipeni hizo elfu tano tano. Nitawapigia sabuni kijiji kizima, na chenji nitarudisha."

Wakala alikasirika. Alisema kwa sauti kubwa kwamba hilo si jambo la mchezo, na nadhani hapo ndipo kazi yake ilipokwisha. Kicheko kilipotulia, mzee wa miaka kama themanini aliomba kuuliza. Alisema kwamba alipokuwa kijana watu kama hawa walipita, wakanywesha watu dawa, wakaambiwa uchawi umekwisha moja kwa moja. "Kama uliisha, huu umetoka wapi? Na kama haukuisha, hela za baba zetu wataturudishia lini?" Watu walicheka tena, ila kwa namna nyingine, wakitikisa vichwa.

Kisha akasimama mama wa mmoja wa wale watoto. Yeye hakuwa amecheka hata mara moja. Alisema: "Mwanangu alianza homa Jumapili. Zahanati tulimfikisha Alhamisi. Jumatatu mpaka Jumatano tulikuwa kwa mganga. Naomba na hilo liandikwe kwenye daftari." Bibi, aliyekuwa bado amesimama, alikaa chini, na hakusema tena neno lolote siku hiyo.

Mkutano ulivunjika bila azimio. Mtendaji, aliyekuwa kimya saa nzima, alipata sauti akalifungua faili na kusoma katazo la serikali ambalo bila shaka alikuwa nalo tangu asubuhi. Fedha zilianza kurudishwa, ingawa hazikurudi zote, nami yangu sikuidai kwa sababu ya aibu. Wakala aliondoka jioni ileile kwa bodaboda, jambo ambalo wanawake kisimani walilifanyia kazi kwa wiki nzima.

Maelezo yangu ya kwanza ya tukio hili yalikuwa ya mwalimu. Niliona kwamba bibi alitumia mbinu ileile ya Abunuwasi na sufuria. Abunuwasi aliazima sufuria, akalirudisha pamoja na kisufuria kidogo akidai kwamba limezaa, na mwenyewe akapokea kwa furaha. Alipoliazima tena akaja kusema limekufa, mwenyewe akapiga kelele kwamba sufuria haliwezi kufa, ndipo akaulizwa mbona alikubali kwamba linaweza kuzaa. Nguvu ya hadithi iko katika kukubali. Abunuwasi habishi. Analichukua dai la mwenzake, analiendesha hatua mbili mbele ya pale mwenyewe alipotaka lisimame, na kumwacha hapo. Mimi nilisema "uchawi haupo", nikawapa watu ukuta wa kupiga. Bibi alisema "ni mchawi", akaondoa ukuta, na wote waliokuwa wakisukuma wakaanguka mbele. Ungo usioweza kubeba dumu hadi stesheni ni hoja kamili ya kimantiki, nayo inaeleweka na mtoto wa darasa la pili.

Maelezo hayo ni ya kweli lakini hayatoshi. Katika hotuba yangu mwenyewe nilikuwa nimeweka kejeli ya aina hiyohiyo, nikiuliza kwa nini wachawi hawa wenye nguvu zote hawajajenga hata nyumba ya bati. Hakuna aliyecheka. Baadhi walikunja nyuso. Kejeli ya mgeni msomi ilikuwa dharau, na kejeli ya bibi kwa mjukuu wake ilikuwa utani. Maneno yanaweza kukaribiana, ila mmoja anasema kutoka juu na mwingine kutoka ndani. Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown, alipoandika juu ya utani mwaka 1940, aliuita ukosefu wa heshima ulioruhusiwa, na ruhusa hiyo ndiyo niliyoikosa. Katika nchi yetu utani umekuwa na kazi hii kwa muda mrefu, ndani ya ukoo na kati ya makabila pia. Wanyamwezi na Wazaramo walikuwa watani katika zama za misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora hadi Ujiji, na mtani ndiye aliyeweza kumwambia mwenzake neno ambalo likisemwa na mwingine lingeleta ugomvi. Ni mtani pia anayeweza kumwigiza marehemu msibani akakohoa kama yeye, na wafiwa wakavumilia. Zingatia kwamba bibi hakumtania wakala hadi mwisho kabisa. Hakuwa mtani wake. Alimtania mjukuu, wakala akawa mtu anayesikia maneno ya nyumba nyingine, na mtu akikasirikia utani wa nyumba nyingine amejitia mwenyewe.

Hata hivyo Radcliffe-Brown na wengi waliomfuata waliuona utani kama njia ya kulinda amani: watu ambao wangegombana wanapewa njia ya kugombana kwa mchezo, na mambo yanabaki yalivyokuwa. Kwa maoni hayo, bibi angeeleweka kuwa amejiokoa yeye. Angecheka, wangecheka, na kamchape wangeendelea na kazi kwa kumruka. Kilichotokea ni kingine, na nilikielewa kutokana na sentensi moja niliyoisikia kwa watu tofauti niliozungumza nao baadaye, kila mmoja kwa wakati wake: "Nilidhani ni mimi peke yangu."

Kaunta buku lilikuwa limewadanganya wote. Mtu alipoiona orodha ndefu ya upande wa kushoto alisoma kwamba majirani zake wanaamini, naye akalipa ili asiwe wa tofauti, na jina lake likawa ushahidi kwa atakayefuata. Hivyo ndivyo mimi, mtu wa vitabu, nilivyoingia kuwa namba kumi na tisa na kumsaidia namba ishirini kuamini. Huenda wenye shaka walikuwa wengi kuliko wenye imani. Hakuna aliyeweza kujua, kwa sababu shaka haikuwa na mahali pa kuandikwa. Mkono wa kura usingewatoa humo, kwani kabla ya kuuinua mtu hutazama kwanza jirani yake. Kicheko hakisubiri kutazama. Kinamtoka mtu kabla hajapima kama ni salama, na kikishatoka hakirudi, na wote waliopo wamekisikia. Wanawake wa safu ya nyuma walipocheka juu ya bodaboda waliwaonyesha wa mbele kwamba hata wao wameuona upungufu wa lile dai. Lilipotajwa dumu, kijiji kizima kilijikuta kimepiga kura ya wazi bila kuitishwa. Mzee wa miaka themanini hakuwa mjanja zaidi dakika hiyo kuliko alivyokuwa asubuhi. Swali lake alikuwa nalo siku zote. Alichopata ni habari kwamba hatakuwa peke yake akiliuliza.

Kwa sababu hiyohiyo sikubaliani na wanaosifia utani kana kwamba wenyewe huelekea kwenye uhuru wa fikra. Jina la Taa za Breki lilifanya kazi kwa njia ileile kabisa. Kila aliyecheka kijiweni alimwambia mwenzake, bila kukusudia, kwamba bibi yule anaruhusiwa kudharauliwa, na laiti kicheko kile kingeendelea miezi michache zaidi kingekuwa nusu ya hukumu. Tofauti iko katika jambo linalochekwa. Kijiweni walicheka mtu ambaye hawezi kubadilisha macho yake. Chini ya mwembe walicheka dai lililokuwa likidai fedha zao na kukataza maswali, na bibi aliwafikisha hapo kwa kuanza kujicheka yeye, mbele ya wote, kwa jina baya zaidi alilokuwa akiitwa.

Nina shaka nyingine, nayo ni nzito zaidi. Bibi alikuwa na mjukuu katika nafasi ile. Laiti angekuwa mhamiaji asiye na ukoo kijijini, au mwanamke aliyeolewa kutoka mbali na kufiwa na mume, pasingekuwa na mtu wa kumwita mume wangu, na maneno "nakubali, ni mchawi" yangesikika kama yalivyo. Pia alisema kabla watambuzi hawajataja jina lolote na kioo chochote hakijatolewa. Baada ya mtu kutajwa na umati kuchemka, sidhani kama kuna utani unaofaa zaidi ya kukimbia. Wanaofikiri kwamba vijiji vyetu vinaweza kuachiwa vitaniane ili vijiponye vyenyewe wamwangalie mtendaji na faili lake: katazo lilikuwapo, lilikosa mtu wa kulisoma, na mtu huyo alihitaji kwanza asikie watu wanacheka ili apate ujasiri ambao analipwa mshahara kuwa nao.

Kuhusu yule mama, nilijiuliza kwa muda kama hakuumizwa na kicheko kile, msiba wake ukiwa mbichi. Nilimwuliza mwaka uliofuata. Alinijibu kwamba bibi ndiye aliyekesha naye usiku wa kwanza, akamtania marehemu mwanawe kwa kumwita mume aliyemkimbia na mahari yake, na kwamba hicho ndicho kitu pekee alichokisikia usiku ule kilichoonekana kumhusu mtoto wake. Mkutanoni hakucheka kwa sababu hakuwa na cha kucheka. Alisema watu walipocheka aliona wamelegea, akajua kwamba akisema watamsikiliza.

Wakamuaji wa mawese walinunua kipimo chao wenyewe, ndoo mbili za lita kumi zilizokaguliwa mbele ya wote. Mnunuzi wa Jumatano aliendelea kuja. Dumu lake limepewa jina, na akilishusha kwenye gari watoto humwuliza kama leo mchawi amelala vizuri. Taa za Breki halisikiki tena, angalau si mbele ya watu wazima.

Kabla sijahamishwa nilikwenda kumuaga bibi. Alikuwa amempakata kitukuu chake, na mkononi mwa mtoto nikaona uzi mweusi wa kinga, uliofungwa mafundo matatu kwa uangalifu mkubwa. Nikamwuliza moja kwa moja kama anaamini kwamba wachawi wapo. Alinitazama kupitia moshi, akaliongezea kuni pipa lake.

"Mwalimu," alisema, "wewe ni namba kumi na tisa. Mimi sikulipa. Nani kati yetu anaamini?"